Ndoo Kichwani kwa Dada Zuhra

Masasi,
9 Juni 2024

Kwa Mjomba Nurdini,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Pongwe, na kwamba goti limetulia sasa masika yamekwisha. Mimi mzima, ila nimekuwa mweusi kama sufuria la msibani. Msalimie mjukuu wako Shamila, mwambie shangazi yake hajasahau kanga aliyomwahidi.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ulisema simu ni ya kupokelea habari za msiba tu. Bahasha nitampa kondakta wa basi la Dar, naye atampa wa basi la Tanga. Ikichelewa usinilaumu mimi.

Tangu nilipoagana nawe mwezi wa tatu nimeendesha pikipiki hadi Kilwa, Lindi, Mtwara, na sasa niko hapa chini ya majabali ya Masasi. Nimeyapiga picha asubuhi na jioni, nakutumia mbili. Mnyororo ulinikatikia karibu na Chiungutwa, fundi mmoja anaitwa Marko akanitengenezea huku anauliza mume wangu anajua niko wapi. Wanapuliza salfa kwenye mikorosho siku hizi. Vumbi la njano limeingia puani, kwenye lenzi, mpaka kwenye chai.

Blogu inakua, Mjomba. Kuna kampuni inayouza mabegi ya safari inataka kunidhamini, nisiwe tena naomba mahali pa kulala. Wanasema picha zangu ni nzuri lakini zimepoa. Wanataka habari inayomshika mtu.

Wiki hii napanda Newala kwa Mama mkubwa Zuhra. Sijamwona tangu mazishi ya mama, na wakati ule nilikuwa mtoto wa kubebwa. Nitakaa kwake kwa muda. Niambie, nikupigie picha ya nini huko kwenu? Chagua chochote.

Mpwa wako,
Shakila


Pongwe, Tanga,
27 Juni 2024

Mpwa wangu Shakila,

Marahaba. Barua imefika, na bahasha ina alama ya kidole cha mtu aliyekuwa anakula samaki. Sisi hapa wazima. Goti ni lilelile. Shamila amefaulu mtihani wa nusu mwaka isipokuwa hesabu, ambayo katika ukoo wetu haijawahi kufaulu kwa mtu.

Shamila hunisomea blogu yako kwenye simu yake baada ya magharibi. Nimekaa na vitabu vya watu miaka mingi pale maktaba ya chuo, kwa hiyo niruhusu nikwambie ninachokiona. Umeandika kwamba Lindi ni mji uliosahauliwa na wakati. Watu wa Lindi wanalipia umeme kila mwezi, mpwa wangu. Wakati unawakumbuka vizuri sana. Halafu nimeona miguu yako mbele ya bahari, miguu yako mbele ya magofu, miguu yako mbele ya jabali. Nchi ni pana, miguu ni ileile. Sijui ni nani aliyewaambia nyinyi wasafiri wa siku hizi kwamba mahali hapajafikiwa mpaka miguu yenu ionekane. Inanichefua kidogo, kama mtu anayepanda na viatu kitandani kwa mwenyeji.

Lakini umeniuliza swali zuri, nami nitalijibu.

Nilitoka Newala mwaka 1968, baba alipotuleta huku kwenye mkonge. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Zuhra alibaki kwa sababu alikuwa ameshaolewa. Mtu akiniuliza kwetu, nasema Newala. Akinitajia watu wa huko, siwajui. Nyumba yetu haipo, mikorosho ya babu ina wenyewe wengine. Kilichobaki kichwani mwangu ni njia. Inaanzia nyuma ya nyumba, inashuka ukingoni hadi chemchemi bondeni. Wanawake walishuka kungali na giza, wakarudi mstari mmoja jua linapochomoza, kila mmoja na debe kichwani na majani juu yake ili maji yasirukeruke. Mama alikuwa mbele. Zuhra alimfuata, shingo imenyooka kama mlingoti. Mimi nilikaa juu ukingoni nikiwasubiri, na nilipoona majani yale yakitokeza kwanza, kabla ya vichwa, nilijua leo tutapika.

Hatukuwa na kamera. Hakuna picha ya mama hata moja duniani.

Ukinipatia picha ya njia ile, na Zuhra akiwa juu yake na ndoo, sitakuomba kitu kingine.

Mjomba wako,
Nurdini


Newala,
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hakuna mgonjwa. Mama mkubwa Zuhra anakusalimu. Anasema amesikia una meno ya kununua na anataka kuyaona. Mwanawe Mujibu yuko Masasi kwenye ghala la korosho, wanakarabati kabla ya msimu, anapanda huku mara mojamoja. Mwenye nyumba hasa ni mkewe, Oliva, ambaye hapa wanamwita Mama Ziada. Binti yao Ziada anasoma bweni.

Nilipofika nilizima pikipiki mlangoni, nikapiga magoti nikamwamkia. Mama mkubwa akaniangalia suruali, mabuti, na kofia ngumu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Mwanaisha."

"Mwanaisha alizaa mwanamume?"

Mama Ziada alikuwa anapepeta mbaazi, akacheka mpaka ungo ukainama. "Mama, mwambie avue hilo sufuria kichwani kwanza, tumwone."

Jioni akaniletea maji ya kuoga, nusu ndoo. Akasimama nayo mbele yangu kama mwalimu. "Mgeni, hii ni ya kuoga na kufua soksi. Ile itakayobaki chini usimwage, ni ya mbuzi. Huku kwetu mtu hujulikana kwa namna anavyooga." Nilioga kwa bakuli moja na nusu, Mjomba. Nadhani nilifaulu.

Huyu mama ni mtu wa ajabu. Kwao ni Lulindi, ni Mkristo, baba yake alikuwa anapiga kengele ya kanisa. Ameolewa hapa miaka kumi na tisa. Kila alfajiri anaamka kabla ya adhana, anakwenda bombani kupanga foleni, na ndoo ya kwanza haingii kwake. Anaipeleka mlangoni kwa Mama mkubwa, maji ya udhu. Bomba lisipotoa anamfuata mtu mwenye kisima cha mvua. Anasema, "Mama yangu hawezi kumngoja Mungu kwa sababu ya idara ya maji."

Kuhusu ulichoomba. Wanawake hawashuki tena bondeni siku hizi. Kuna bomba, na vijana wa bodaboda wanapita na madumu. Njia yenyewe imeota majani, ila inaonekana. Lakini nimekupatia. Jumatano Mama Ziada alikwenda Lulindi kwenye msiba wa shangazi yake, tukabaki wawili tu nyumbani, mimi na Mama mkubwa. Picha iko ndani ya bahasha ndogo. Usiikunje.

Kesho kutwa naondoka kuelekea Tunduru na Songea.

Shakila


Pongwe,
8 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mzee mwenzangu wa msikitini amefariki, yule wa duka la misumari, tulimzika Ijumaa.

Nimeipokea picha. Nilikaa nayo barazani mpaka Shamila akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya. Majani juu ya ndoo, na shingo ile. Zuhra amezeeka lakini shingo haikuzeeka. Nimempelekea fundi wa fremu pale sokoni na sasa iko ukutani, mkabala na kiti changu. Wageni wakiingia nawaambia huyu ni dada yangu, na hii ni njia yetu.

Kivuli chake kiko miguuni kabisa, kama cha saa sita mchana. Zamani walipanda jua linapochomoza. Lakini hilo si kitu.

Ahsante, mwanangu.

Nurdini


Pongwe,
15 Septemba 2024

Shakila,

Nimeona umenipigia simu. Sikupokea, kwa sababu ningepokea ningesema kwa sauti, na humu ndani kuna mtoto. Afya zetu ni nzuri. Salamu zimekwisha.

Jana Shamila alinionyesha blogu. Picha ya Zuhra, ile iliyoko ukutani kwangu, umeiweka mbele ya watu wote, na chini yake umeandika: "Ana zaidi ya miaka themanini. Hana mtu. Kila alfajiri hupanda ukingo huu peke yake na ndoo kichwani ili apate kuishi." Kisha umeandika habari zako, jinsi ulivyolia, na begi gani lilikuwa mgongoni mwako ulipokuwa unalia.

Hana mtu.

Niliomba nisomewe maoni ya wasomaji. Mmoja anasema wakwe wa siku hizi ni nyoka. Mwingine anasema watoto wake walaaniwe. Mwingine, kwamba bibi ni mrembo na anaomba aitumie picha kwenye kioo cha simu yake. Mamia ya vijiuso vya njano vinavyotiririkwa na machozi. Niliisukuma simu kama mtu anavyosukuma sahani aliyokuta unywele ndani yake. Nimetafuta neno la hali niliyokuwa nayo, na neno si hasira. Hasira hupoa. Ni kinyaa. Kimekaa kooni tangu jana na chai haikiteremshi.

Usiku nikampigia Mujibu, kwa kuwa huu sasa ni msiba. Nilikuwa nimechelewa. Kule sokoni Newala muuza nyanya alimwonyesha Oliva picha mbele ya watu, akamwambia, "Mama Ziada, mkweo hana mtu? Basi wewe unayeingia pale kila alfajiri ni jini?" Watu wakacheka. Unajua huko kwetu maana ya mwanamke mzee kuonekana na ndoo kichwani. Maana yake ni kwamba wote wamekufa, au wako hai na hawafai kitu. Huyu mwanamke amepanga foleni gizani miaka kumi na tisa ili mtu yeyote asiyaseme hayo juu ya nyumba ya mumewe. Kwa kuwa ni Mkristo alijua yatasemwa upesi zaidi.

Alirudi nyumbani, akachukua ndoo ya alfajiri, akaifudikiza mlangoni kwa Zuhra. Mujibu alikuwapo. Alisema hivi: "Mama, dunia nzima inajua unajichotea. Mimi ni nani nibishane na dunia." Akaingia ndani kwake. Tangu siku hiyo hajampelekea Zuhra tone la maji.

Iondoe picha ile leo. Kisha uniandikie umefanya nini.

Nurdini


Songea,
2 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Ilikaa Tunduru kwa mwenye nyumba ya wageni wiki nzima. Mimi nina malaria lakini nimeanza dawa.

Picha nimeiondoa. Lakini nisikudanganye: kurasa nyingine zimeshaichukua, zimekata jina langu na kuandika maneno yao, na hizo siwezi kuzifikia. Mwingine ameandika kwamba ni bibi wa Msumbiji. Mwingine kwamba amekufa.

Umeandika kama mtu aliyekuwa mbali na jambo hili. Basi nikueleze lilivyokuwa. Nilimwambia Mama mkubwa kwamba mdogo wake wa Tanga anataka kumwona kwenye njia ya zamani na ndoo kichwani. Akacheka. Akasema, "Nurdini bado ananingoja pale juu?" Akaenda kuvaa kanga mpya. Goti linamuuma kuliko lako, Mjomba. Nilimshika mkono kushuka hatua chache tu, nikaweka majani kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa tupu. Tulifanya mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza alikuwa anacheka. Ya tatu nikamwambia asicheke, afikirie jambo la huzuni. Ndiyo uliyonayo ukutani.

Ilikuwa saa sita. Wewe mwenyewe uliandika kuhusu kivuli, ukasema si kitu. Nani aliniomba picha ya kitu ambacho hakipo tena?

Maneno ya "hana mtu" ni yangu. Kampuni ya mabegi ilisema bibi mwenye mkwe wa kumchotea maji hamgusi mtu. Niliandika nikiwa kwenye nyumba ya wageni, chini ya neti iliyotoboka, na nilipomaliza nilijua nimeandika uchafu. Niliutuma hivyohivyo. Wamenipa begi moja. Sitaki hata kulitazama; linanuka plastiki mpya, chumba kizima.

Siwezi kurudi Newala. Nitaingiaje pale? Kesho naelekea Mbamba Bay. Nisamehe.

Shakila


Pongwe,
14 Oktoba 2024

Shakila,

Marahaba. Pole na malaria. Maliza dawa zote, usiache njiani.

Mujibu alimlipa kijana wa bodaboda, Rajabu, amletee mama yake madumu mawili kila siku. Zuhra ameyakataa. Amemwambia Rajabu, "Peleka kwa watu wenye haja. Mimi nilisimama pale nikamfanyia mchezo mtu aliyenichotea. Nitajichotea." Siku nyingine anatayamamu kwa mchanga. Siku nyingine, kungali na giza, anachukua ndoo anakwenda mwenyewe bombani, na anarudi nayo kichwani, peke yake, huku watu wamesimama vizingitini. Juzi aliteleza. Hakuvunjika, safari hii.

Kwa hiyo picha yako sasa ni ya kweli. Waweza kuirudisha.

Mambo haya huko kwetu yana njia yake, nami nakuandikia kwa sababu mama yako alifariki kabla ya kukufundisha. Mtu akija na mzigo kichwani, mwenye nyumba humtua kwanza, ndipo amwulize habari. Asipomtua, amekwisha kusema yote. Aliyemkosea mwenzake hatumi mshenga, wala simu, wala maneno matamu. Anapeleka maji alfajiri. Anasimama mlangoni na ndoo kichwani, hasemi kitu, mpaka mwenye nyumba amtue. Asipotuliwa anarudi nayo, na kesho anakuja tena. Marehemu mama aliwahi kusimama hivyo kwa jirani kwa sababu ya kuku mmoja, na kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Utakwenda mlangoni kwa Oliva. Si kwa Zuhra, kwa Oliva. Kamera itabaki kwenye boksi.

Swali lako nimelisoma.

Nurdini


Newala,
17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mama mkubwa ana kikohozi kidogo na mguu umevimba pale alipoteleza, lakini anakula. Mabibo yameiva, nyumba zote zinanuka uraka, ile pombe yake. Mujibu hana nafasi hata ya kujibu simu, magunia yanaingia ghalani mchana na usiku.

Nilirudi. Nilifika jioni, Mama Ziada akanipisha njia kama anavyopisha ng'ombe. Alfajiri ya kwanza nikachukua ndoo nikaenda bombani. Wanawake wa foleni walinitambua hata kabla hakujapambazuka.

"Leo kamera iko wapi?"

"Mwacheni, anatafuta kilio kingine."

"Njoo nikupige mimi, mwandishi. Lia kidogo. Fikiria jambo la huzuni."

Hilo la mwisho lilinikata, kwa sababu ndiyo maneno niliyomwambia Mama mkubwa. Yeye ndiye aliyewasimulia. Mmoja akainua simu kweli, akanimulika usoni, wote wakacheka, nami nikasimama na ndoo yangu. Sasa najua kamera inavyoonekana upande wa pili. Inaonekana kama jicho la mbuzi.

Kubeba maji kichwani sijui, Mjomba. Nusu iliniishia mgongoni. Nikasimama mlangoni kwa Mama Ziada. Akatoka na ufagio, akafagia uwanja wote, akafagia kuzunguka miguu yangu, akaingia ndani. Nikarudi nayo. Siku ya pili hivyohivyo. Siku nyingine aliniletea kiti, akakiweka mbele yangu, akakikalia yeye, akanywa chai. Shingo ilikuwa inawaka. Kinyaa kilinishika, si juu yake, juu yangu: maana hata pale kichwa changu kilikuwa kinapanga maneno ya blogu. Kilikuwa kinatafuta mwanga unatokea wapi.

Jana akatoka, akanisimamia uso kwa uso.

"Nani alikutuma kupiga ile picha?"

Mimi siruhusiwi kusema. Mama mkubwa akajibu kutoka mlangoni kwake. "Ni Nurdini. Alitaka kuniona kama zamani."

"Nurdini wa Tanga?"

"Mdogo wangu."

Mama Ziada akanisogelea zaidi. Ndoo inanitetemeka kichwani, maji yananiingia sikioni. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu mbegu: "Kwa hiyo kuna mtu amekaa Tanga, anataka kumwona mama akipanda mlima na maji. Miaka kumi na tisa hajaja hata kuuliza nani anayaleta. Na mimi, kwenye hiyo picha aliyoitaka, nilikuwa wapi?"



Akanyoosha mikono akanitua. Nilidhani yamekwisha, machozi yakanitoka. Akaibeba ile ndoo mpaka zizini, akawamiminia mbuzi yote.

"Wewe nimekutua," akasema. "Kaoge, unanuka. Maji ya udhu ya mama ni habari nyingine. Mwambie mjomba wako aje. Aje na ndoo. Na asije nayo begani kama wanaume wanavyobeba, wala kwenye baiskeli. Kichwani. Nikimtua yeye, siku hiyohiyo nitampelekea mama maji."

Mama mkubwa akasema, "Mzee yule ana goti."

"Na wewe una goti, mama. Halikumzuia mtu."

Kisha akaangalia mawingu upande wa Msumbiji, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka sasa: "Aje kabla ya mvua. Mvua zikianza kila mtu atakuwa na maji kwenye kisima chake, na jambo hili litapita bila kwisha. Litakaa humu ndani kama panya aliyefia darini."

Mama mkubwa bado anajichotea. Leo nilijaribu kumpokea ndoo njiani akanikatalia. Mawingu yanaongezeka.

Mpwa wako,
Shakila


Pongwe,
25 Novemba 2024

Mpwa wangu Shakila,

Marahaba. Barua yako imefika leo asubuhi na hii naiandika mchana, ili iondoke na basi la usiku, walau itangulie.

Swali lako la Oktoba: ni mimi. Wewe ulisema uongo kwa ajili ya begi, mimi niliagiza uongo kwa ajili ya ukuta wangu, na sioni kwamba ukuta una heshima kuliko begi.  Niliwadharau wasafiri wanaoweka miguu yao mbele ya kila kitu. Mimi niliweka utoto wangu mbele ya dada yangu, nikamfunika yeye na aliyemchotea.

Nimekata tikiti ya Alhamisi. Nitalala Dar kwa mtoto wa rafiki, kisha Masasi, kisha nitapanda na gari lolote linalopanda. Usije kunipokea na pikipiki. Nitafika wenyewe wakiwa wamelala. Nitafutie ndoo ya kawaida, isiwe ndogo, watu wasije wakasema nimependelewa. Bombani nitapanga foleni kama wengine. Wakiuliza huyu mzee ni wa nani, usiwaambie. Mwache Mama Ziada awaambie akitaka.

Jana na leo nimejifunza uani. Shamila ananizungushia kitambaa cha ngata kichwani na kunielekeza. Majirani walikuja kutazama, na Mama Salmini wa nyumba ya pili akauliza kama naolewa. Nimemwaga mara nne. Mara ya tano nilivuka uwanja. Nilikuwa sijui, katika miaka yangu yote ya kuikumbuka njia ile, kwamba mtu mwenye ndoo kichwani haoni kitu juu wala pembeni. Anaona ardhi iliyo mbele ya vidole vyake, basi. Hawakuwa wakiniona mimi juu ukingoni kamwe.

Zuhra asiambiwe siku. Oliva mwambie. Mwambie pia kwamba goti langu lisimfanye aharakishe kunitua; anisimamishe kadiri anavyoona inafaa, na ikibidi nirudi kesho yake, nitarudi.

Mjomba wako,
Nurdini